Mbwa Paka Mgongoni

Kifurushi kilifika Mugango siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kimeviringishwa kwa gazeti na kufungwa kwa kamba ya mkonge. Clementi wa bodaboda hakuzima hata pikipiki. Aliweka mguu mmoja chini, akamnyooshea Hyasinta mzigo huku macho yake yakiwa barabarani.

"Shemeji, huu umetoka kwa mama mkwe wako, Bunda. Kasema usome karatasi kwanza, chupa baadaye."

"Kasema hivyo?"

"Kasema mpaka kondakta wa basi akachoka kumsikiliza. Karatasi kwanza."

Akaondoka. Hyasinta akakaa kwenye kizingiti, akafungua kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na kichupa cha kahawia ambacho zamani kilikuwa cha dawa ya kikohozi, lebo yake imebanduliwa, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Maandishi yalikuwa makubwa, yote herufi kubwa, kwa peni ya bluu, na hayakuwa na nukta hata moja.

DAWA YA VIROBOTO NA KUPE MBWA PAKA MGONGONI KUANZIA SHINGO HADI MKIA USIMPE KUNYWA NAWA MIKONO HAMDUNI

Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Kusoma Hyasinta alijua. Aliishia darasa la tano, mwaka ambao baba yake alihamishia familia kwenye kambi ya wavuvi, kisiwani ambako shule haikuwepo. Tangu hapo alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, anasimama, anatafuta jingine. Lakini katika nyumba hii aliyoolewa miezi minane iliyopita, huko kusoma kwake kulikuwa kumegeuka kitu kikubwa. Mama mkwe wake, Euphrasia, hakujua hata herufi ya kwanza ya jina lake, na kwenye jumuiya aliwaambia wenzake bila aibu, "Mkwe wangu huyu anasomaga kila kitu. Hata maandishi ya kwenye kiroba cha saruji anasoma." Hyasinta alikuwa nyuma yake siku hiyo, ameinamisha uso, anatamani ardhi immeze. Hakuwa mtu wa kusema "sijui" mbele ya watu. Hakuwa mtu wa kusema chochote mbele ya watu.

Habari ya viroboto ilianza hivi. Mary, binti wa Euphrasia, alikuwa amejifungua Bunda, na mama yake alikwenda kumtunza. Jumamosi ndiyo siku ambayo Mary angeletwa nyumbani na mtoto mchanga. Na nyumba ilikuwa na viroboto. Walikuwa kwenye mkeka, kwenye mashuka, kwenye pindo za vitenge. Miguu ya Hyasinta ilikuwa na madoadoa mekundu kuanzia kifundo hadi gotini. Alipomwambia mama mkwe wake kwa simu, mama mkwe alijibu kwa maneno machache: "Mjukuu wangu hataumwa na viroboto. Nitatuma dawa. Wewe fanya."

Basi sasa dawa ilikuwa mkononi, na kazi ilikuwa kufanya.

Alisoma karatasi mara ya pili. Dawa ya viroboto na kupe. Hapo hapakuwa na shida. Mbwa paka mgongoni. Yaani mbwa na paka, dawa inawekwa mgongoni, kuanzia shingo hadi mkia. Hakushangaa kwamba hapakuwa na "na" katikati. Pale sokoni kuna kibao kimeandikwa CHAKULA KUKU BATA NGURUWE, na hakuna aliyewahi kukikosea.

Kilichomsumbua kilikuwa "usimpe". Kama ni mbwa na paka, mbona hakuandika "usiwape"? Alilitazama neno hilo kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu yake. Halafu akawaza jinsi watu wanavyosema huku kwao: ng'ombe zangu umeifunga, watoto umempa chakula. Nani anahangaika na mambo hayo? Mwalimu wake wa darasa la nne alihangaika, lakini mwalimu huyo hakuwa akiuza dawa Bunda. Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkunjo wa kitenge.

Mbwa wao, Askari, alikuwa mpole. Hyasinta alijifunga kitambaa mkononi, akakilowesha dawa, akampaka kutoka shingoni hadi mkiani, na Askari akasimama kama mtu anayepimwa nguo. Dawa ilinuka kama josho la ng'ombe.

Paka ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa jike la madoa meusi na manjano, mzee kidogo, mwenye sikio moja lililochanika. Euphrasia alimwita Mwenzangu. Tangu mzee wa nyumba afariki, paka huyo alilala miguuni pa Euphrasia kila siku, na asubuhi alikagua nyavu na magunia ya dagaa kama mwenye mali, kwa hiyo panya hawakuwa na nafasi. Masatu, mume wa Hyasinta, ambaye wiki hiyo alikuwa ziwani akivua, alimtania mkewe kwamba amekuta mke mwenzake, na kwamba huyo ndiye Bi Mkubwa wa nyumba. Majirani walilipokea jina hilo kwa furaha. Hyasinta na paka walikuwa hawajazoeana sana. Mara mbili alikuwa amemfukuza kwenye sufuria ya samaki, na mara ya pili jirani yao Boke alimwona na ndala mkononi.

Alimkamata karibu na jiko, akambana katikati ya magoti, akampaka. Shingo hadi mkia, kama ilivyoandikwa. Paka alilia, akajipinda, akamparura mkono, akachomoka, akapanda juu ya mafiga na kuanza kujilamba.

"Usinywe," Hyasinta akamwambia, akikumbuka karatasi. Paka akaendelea kulamba.

Baada ya hapo alifua mashuka, akatoa mikeka juani, akafagia chini ya vitanda. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijisikia kama mtu ambaye nyumba iko mikononi mwake. Pale Askari alipolala kivulini, viroboto walikuwa wamedondoka wamekufa, weusi, wadogo kama mbegu za mchicha. Alitabasamu peke yake.

Saa nane kasoro alirudi jikoni kuchukua ndoo, akamwona paka masikio yanamchezacheza. Alifikiri ni nzi. Akapunga mkono, nzi hawakuwepo. Masikio yakaendelea. Kisha ngozi ya mgongoni ikaanza kutetemeka peke yake, kama maji ya karai mtu anapopita karibu. Paka alisimama, akajaribu kutembea, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande mwingine. Akaanguka ubavu. Mate yakaanza kumtoka.

Hyasinta alisimama na ndoo yake. Alimtazama Askari, aliyekuwa amelala anakoroma. Akamtazama paka. Dawa ilikuwa moja, chupa ilikuwa moja, mkono uliopaka ulikuwa mmoja. Mbona huyu analala na huyu anakufa? Labda alipaka nyingi. Labda paka alikuwa mgonjwa tangu jana. Labda alikula panya aliyekula sumu kwa watu. Kila alipopata jibu moja, jingine lilikuja likalisukuma.

"Hodi hapa," sauti ikasema, na Boke akaingia na kikombe cha kuombea chumvi. Boke alikuwa mke wa Werema, jirani mwenye ng'ombe, mwanamke wa Tarime aliyesema jambo kabla hajamaliza kulifikiri. Alimwona paka, akarudi hatua mbili, akapanda juu ya kizingiti.

"Huyo ana nini?"

"Sijui, dada."

"Anatoa povu."

"Ni mate."

"Mate meupe ndiyo povu, Hyasinta. Huyo ana kichaa. Si umesikia habari ya mbwa wa Kiriba? Walimuua wiki iliyopita. Amekuuma?"

"Hajaniuma."

"Kukuparura?"

Hyasinta alitazama mkono wake. Palikuwa na mstari mwekundu tangu ile saa nne. Akauficha nyuma ya kitenge, na hilo Boke aliliona.

Boke hakuwa mtu wa kungoja. Alitoka hadi kwenye uzio, akamwita mumewe kwa sauti ambayo ingefika ziwani. Werema akaja, taratibu, na fimbo yake ya kuchungia. Nyuma yake akaja Mseti, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuwa amesomea uandishi wa matangazo ya ukutani Musoma na kujiona msomi wa mtaa. Wote watatu wakasimama mlangoni, wakamtazama paka akitetemeka kwenye majivu.

"Ni kichaa," Boke akasema.

"Inaweza," Werema akasema. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Paka akiwa na kichaa ni mbaya kuliko mbwa. Anakimbilia uso. Mama yenu yuko Bunda, siyo?"

"Yuko Bunda," Hyasinta akajibu.

"Na mtoto mchanga anakuja Jumamosi." Werema alipima fimbo mkononi. "Haipendezi, binti, lakini afadhali iwe mara moja. Halafu tutamchoma, tusimzike. Nenda kasimame nje."

Hyasinta hakwenda nje. Hakusema pia. Alikuwa amesimama kati ya mafiga na mlango, na ndani ya kichwa chake mlikuwa na fujo ambayo hakuwahi kuiona. Kwa sababu alielewa jambo moja vizuri sana, na jambo hilo lilimtisha. Werema akimuua paka, mambo yamekwisha. Paka alikuwa na kichaa, jirani mwenye busara akaokoa nyumba, mama mkwe atalia siku mbili, basi. Hakuna atakayejua kwamba mkwe wake, yule anayesoma hadi viroba vya saruji, alimpaka kitu. Hakuna atakayesema, "Unakumbuka ile ndala? Alikuwa hampendi Bi Mkubwa wake tangu mwanzo." Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Na pengine kweli kilikuwa kichaa. Yeye angejuaje?

Werema akainama kupita chini ya boriti. Paka alijaribu kumtazama, kichwa kikaenda kombo.

"Mimi nilimpaka," Hyasinta akasema.

Hakuna aliyesikia. Ilibidi aseme tena, na mara ya pili sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikawashtua wote.

"Mimi nilimpaka dawa. Asubuhi. Siyo kichaa. Ni mimi."

Werema akateremsha fimbo.

"Dawa gani?"

Hyasinta akatoa karatasi kwenye mkunjo wa kitenge. "Imeandikwa. Nimefanya ilivyoandikwa."

Mseti aliichukua kabla haijafika kwa Werema. Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Dawa ya viroboto na kupe, mbwa, paka, mgongoni, kuanzia shingo hadi mkia." Akainua uso. "Yuko sahihi. Mbwa, paka, mgongoni. Dada hajakosea."

Hyasinta akapumua.

"Lete hapa," Werema akasema. Yeye hakusoma haraka. Midomo yake ilisogea bila sauti, akarudi nyuma, akasogea tena. "Hapana. Hapa ni mbwa. Halafu, paka mgongoni. Mpake. Ndivyo tunavyosemaga ile dawa ya ng'ombe. Hii ya kuogesha, ile ya kupaka."

"Sasa mbona kaandika paka?" Mseti akauliza.

"Si ndiyo paka."

"Paka ndiyo huyo hapo chini."

"Siyo paka huyo. Paka. Kupaka."

"Mzee, umesema paka mara tatu na sijaelewa hata mara moja."

Boke akaikwapua karatasi, akaigeuza, akaitazama na upande wa nyuma kama kwamba huko kuna maelezo. "Huyu mwandishi hakuona haja ya nukta? Nukta inauzwa siku hizi?"

Hyasinta alisikiliza, na maneno yale mawili yakawa yanabadilika mbele ya macho yake. Mbwa paka. Mbwa, paka. Akiyatazama hivi, ni wanyama wawili. Akiyatazama vile, ni mmoja na mkono wa mtu. Halafu yanarudi kuwa wawili. Hakuweza kuyashika yakatulia. Na "usimpe" ilikuwa pale pale, imekaa, inamtazama.

"Kuna namba," akasema. "Tumpigie."

Simu ya Werema ndiyo iliyokuwa na salio. Aliiweka sauti kubwa, akaishika mbele yake kama mtu aliyebeba yai.

"Duka la Hamduni," sauti ikajibu kwa lafudhi ya hukuhuku, na nyuma yake redio.

"Tunapiga kutoka Mugango. Kuna karatasi yako hapa. Mbwa paka mgongoni."

"Ndiyo, ndiyo. Mbwa, paka mgongoni. Yule mama alifika?"

"Dawa ilifika. Sasa paka anatetemeka."

"Nani anayepaka?"

"Hakuna anayepaka. Paka. Wa nyumbani. Anakulaga panya."

Redio ikazimwa upande wa pili.

"Mmempaka paka?"

"Wewe umeandika," Boke akadakia.

"Mimi nimeandika mbwa, mama. Hiyo paka ni kitendo, siyo mnyama."

"Kitendo gani kina mkia?"

"Boke, nyamaza kidogo," Werema akasema. "Endelea, bwana Hamduni."

"Sikilizeni, hayo tutagombana baadaye. Dawa hiyo paka haiwezi. Mbwa anaimudu, ng'ombe anaimudu, paka mwili wake unashindwa kuiondoa. Mwogesheni sasa hivi. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Mara mbili, mara tatu, mpaka harufu iishe. Mkausheni, mumfunike asipate baridi. Msimpe maziwa. Msimpe mafuta."

Boke, ambaye tayari alikuwa ameanza kutafuta maziwa kwa macho, akaacha.

"Halafu mpelekeni Butiama kwa Daktari Samwel, yuko nyuma ya soko. Nampigia sasa. Msikae."

Walimwogesha kwenye karai la kufulia nguo. Hyasinta alishika, Boke alimwaga maji, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Boke alifanya kazi bila kusema neno. Paka hakupigana. Hilo ndilo lililomuumiza Hyasinta kuliko yote, kwamba yule aliyelia na kuparura asubuhi sasa alikuwa mzito na mlegevu, anatikisika kutoka ndani, macho wazi. Harufu ya josho ilitoka kidogo kidogo. Mara ya tatu maji yakabaki na harufu ya sabuni tu. Wakamfuta kwa shuka safi lililokuwa linakauka juani, lile la Mary.

Clementi aliitwa. Alipoona mzigo ni paka kwenye kikapu, ameviringishwa kama mtoto, alimtazama Hyasinta, akatazama kikapu.

"Shemeji, si nilisema karatasi kwanza?"

"Nilisoma karatasi kwanza."

Clementi akamshikia kikapu hadi alipopanda. Akawasha pikipiki.

Njia nzima kuelekea Butiama Hyasinta aliweka mkono ndani ya kikapu. Alihisi mtetemo wa paka na mtetemo wa pikipiki, na hakuweza kujua upi ni upi. Kila walipopunguza mwendo alisikiliza kwa kiganja. Katikati ya njia simu yake ndogo ikaita kiunoni. Hakupokea. Ikaita tena. Alijua ni nani.

Daktari Samwel alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameshaandaa sindano. Alimpima paka kwa kumshika tu, akamchoma nyuma ya paja, akamlaza kwenye sanduku lenye matambara.

"Ulimwogesha mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Umefanya vizuri. Hiyo ndiyo nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kungoja." Aliomba kichupa, akakinusa, akatikisa kichwa. "Hii ni ya ng'ombe, imepunguzwa nguvu kwa maji. Hata mbwa haimfai. Mbwa ana dawa yake, na paka ana yake, zimepimwa kwa uzito, zina maandishi ya kiwandani. Ukirudi, kamwogeshe na mbwa."

Hyasinta alimtazama. "Kwa hiyo hata kama ningesoma sawasawa..."

"Ungekosea nusu."

Alikaa kwenye benchi nje ya chumba, asijue afurahi au alie. Ikiwa aliyesoma vibaya alikosea, na aliyeandika alikosea, na aliyepunguza dawa alikosea, kosa lake yeye lilikuwa lipi hasa, na lilikuwa kubwa kiasi gani? Alijaribu kulipima, likawa halipimiki. Simu ikaita. Safari hii alipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Napiga toka mchana. Umesoma?"

"Nilisoma, mama."

"Umepaka?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la kweli, tena la heshima.

"Nilimpaka Askari. Na paka pia nilimpaka. Nilisoma vibaya. Niko Butiama kwa daktari, amechomwa sindano. Yuko hai lakini anatetemeka. Sijui kama atapona."

Upande wa pili mtoto mchanga alilia, akanyamazishwa. Sauti ya Mary ikauliza kitu mbali. Hyasinta aliwahesabu mbuzi wote waliofungwa kwenye uzio wa daktari.

"Sawa," Euphrasia akasema mwishowe, na simu ikakatika.

Hyasinta aliishika ile simu. Kuna sawa ya nimeelewa. Kuna sawa ya tutaonana. Kuna sawa ambayo mama mtu huisema akishachoka na mtoto. Aliirudia kichwani kwa kila sauti aliyoijua, na zote zilifanana na ile aliyoisikia.

Kufikia saa kumi na moja masikio ya paka yalikuwa yametulia. Ngozi ilicheza mara moja moja tu. Daktari Samwel alisema wamchukue, wamweke mahali pakavu, maji yawe karibu, na asiachwe peke yake. Hyasinta alimlaza chumbani kwa Euphrasia, miguuni pa kitanda, kwa sababu hakujua pengine pa kumweka. Askari aliogeshwa pia, akakubali kama kawaida yake.

Alhamisi paka alikunywa maji. Aliyaendea kwa miguu ya nyuma iliyolegea, akakosa bakuli, akalipata. Boke alipita mara nne kuangalia, na kila alipopita alisema hakuwa amekuja kuangalia.

Ijumaa, kabla ya saa sita, Euphrasia alishuka kwenye gari, peke yake. Hakukuwa na Mary wala mtoto wala mizigo ya mtoto. Hyasinta alipiga goti akamwamkia, akapokea kikapu, akasubiri. Mama mkwe aliingia moja kwa moja chumbani kwake. Alikaa huko. Hyasinta alibaki sebuleni akisikia sauti ya chini, na hakujua kama ni maombi au mazungumzo.

Alipotoka alikuwa amembeba paka begani.

"Amekonda."

"Ndiyo, mama."

"Werema kaniambia pale njiani. Kasema alikuwa ameshainua fimbo."

Hyasinta akainamisha uso. "Ndiyo, mama."

"Na wewe ukasema."

Hakujua kama hilo lilikuwa swali. Akatandika mkeka.

Euphrasia alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akamlaza paka mapajani. Alitazama ukuta alipokuwa anaongea. "Yule Mwarabu wa dukani aliniambia kwa mdomo. Aliniambia, mama, paka asiguswe. Nilimsikia vizuri. Dereva anapiga honi, nikasema kwa nini nijichoshe kumweleza mtu wa tatu amweleze wa nne, karatasi ipo, msomaji yupo." Akamkuna paka nyuma ya lile sikio lililochanika. "Hata simu ninayo. Ningekupigia."

Hyasinta alitafuta neno la kusema. "Hamduni siyo Mwarabu, mama," ndilo lililotoka, na papo hapo akatamani kulirudisha.

Mama mkwe akamgeukia, akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. Kisha akacheka puani, kidogo, akaacha. "Mary nimemwambia angoje wiki ijayo. Viroboto bado wapo. Kaniletee beseni, tia maji na sabuni. Kwenye kikapu changu kuna kitana."

Hyasinta akaleta. Kilikuwa kile cha meno membamba, cha kutolea chawa, kipya. Euphrasia alikipitisha kwenye manyoya kutoka shingoni kuelekea chini, polepole, akakitumbukiza majini. Viroboto wawili wakaelea, wakapiga miguu, wakazama. Akachana tena. Paka alianza kujikunja, akitafuta njia ya kutoka.

"Mbona umesimama?" Euphrasia akasema. "Shika kichwa."

Hyasinta akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akashika kichwa cha paka kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba amesamehewa, na hakuwa na uhakika. Paka alinguruma chini ya vidole vyake, mngurumo mfupi wa hasira, wenye nguvu.

"Mshike vizuri," mama mkwe akasema. "Bado tuna tumbo."